Niko Bangkok peke yangu na nimechoka siku ya pili tu: nimekosea mji?

SWALI: Nimetua Bangkok juzi usiku, peke yangu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika. Wakala wa Dar alinipangia hoteli Pratunam kwa siku saba. Mpaka sasa nilichokiona ni joto, foleni na makelele. Jana nilitoka kama saa tano asubuhi, nikachukua bajaji kwenda Kasri la Mfalme. Kabla sijafika getini, mzee mmoja aliyevaa nadhifu akaniambia kasri limefungwa mpaka saa nane, akanitafutia bajaji nyingine ya kunizungusha kwa baht 40. Nikaishia kwenye duka la vito nikibembelezwa kununua mpaka nikaona aibu kutoka mikono mitupu. Jioni nikiwa kituo cha treni muziki ukapigwa, watu wote wakasimama palepale, nikabaki natembea peke yangu. Halafu wananikodolea macho. Mimi ni Mwislamu, navaa hijabu, na kila jiko la barabarani naona nyama nisiyoijua. Leo sijatoka chumbani. Nimekosea mji, au kuna namna ya kuutazama ambayo sijaijua? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, mji hujakosea. Umekosea saa ya kutoka na njia ya kupita, na vyote viwili vinarekebishika kesho asubuhi bila gharama ya maana.

Nianze na saa. Bangkok iko mbele ya nyumbani kwa saa nne, kwa hiyo saa nne asubuhi ya Pratunam ni saa kumi na mbili alfajiri ya Tanga. Mwili wako haujui kwamba umesafiri. Usiku unakesha ukitazama dari kwa sababu kwa hesabu yake bado ni jioni, halafu unaamka kwa wakati wake wa kila siku, unaoga, unakunywa chai, na ukifungua mlango wa hoteli ni saa tano na jua limeshakaa utosini. Wenyeji saa hiyo hawatembei ovyo. Tazama vizuri utaona walioko juani ni wageni, madereva na wasukuma mikokoteni; wengine wote wako chini ya paa. Ninaowapeleka huko kwa mara ya kwanza huwa nawalazimisha: siku mbili za mwanzo weka kengele ya simu saa kumi na moja na nusu alfajiri, inuka hata kama macho yanawaka, swali, toka. Mchana rudi ulale. Jua likianza kulegea toka tena.

Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi utadhani umeletwa mji mwingine. Watawa wa Kibudha wanapita pekupeku na mabakuli yao, waumini wanapiga magoti kando ya njia na kuwawekea chakula. Wachuuzi wanapepea makaa. Panda treni ya juu, BTS, kituo cha Ratchathewi, badilisha Siam, shuka Sala Daeng, uingie bustani ya Lumphini. Utakuta wazee wanajinyoosha, vijana wanakimbia, na kwenye ukingo wa bwawa kenge wakubwa kweli kweli wanapita zao bila mtu kushtuka. Kaa kwenye benchi. Hakuna atakayekuuzia kitu.

Sasa njia, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye siri ya mji wenyewe.

Wewe umeuingia mji kwa barabara. Karibu kila mgeni hufanya hivyo, na sisi tuliozoea kusimama kandokando ya lami na kupunga mkono ndio zaidi. Lakini Bangkok haikujengwa kwa barabara. Mfalme Rama wa Kwanza alipoweka makao makuu yake ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya mwaka 1782, kilichochimbwa kuuzunguka mji kilikuwa mifereji. Watu waliishi kwenye nyumba za nguzo na nyumba zinazoelea, wakaenda sokoni na hekaluni kwa mtumbwi. Charoen Krung, barabara ya kwanza iliyojengwa kwa mtindo wa Kizungu, ilianzishwa mwaka 1861, na hadithi yake inachekesha: makonseli wa Ulaya walimlalamikia Mfalme Mongkut kwamba hawana mahali pa kupanda farasi jioni na afya zao zinadhoofika. Mfalme akawajengea.

Baada ya hapo mifereji mingi ikafukiwa, ikawa barabara kuu. Mashamba ya bustani yaliyokuwa yakipakana nayo yakakatwa kuwa viwanja virefu vyembamba, kila mwenye eneo akachonga kijia chake cha kuingilia. Vijia hivyo ndivyo leo vinaitwa soi. Vingi haviungani: unaingia, unakwenda hadi mwisho, unakuta ukuta. Ndiyo maana magari yote, hata ya mtu anayetaka kwenda nyumba ya nyuma yake, lazima yatoke kwenye barabara kuu na kusukumana pale. Foleni uliyoiona ni zao la ramani ile ya mashamba, wala haina dawa ya siku moja. Na kama ulishangaa namba za soi, sababu ni hiyohiyo. Upande mmoja wa barabara ni witiri, upande wa pili ni shufwa, na haziendi sambamba. Kwenye barabara ya Sukhumvit, Soi 55 inakaribia kutazamana na Soi 38. Usimwambie dereva "ng'ambo ya pale" ukadhani umemwelekeza.

Kwa hiyo unao mji wenye safari za aina tatu: majini, ardhini na hewani. Ya ardhini ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ndiyo pekee uliyoijaribu. Ya hewani ni BTS, iliyoanza kazi Desemba 1999, pamoja na njia za waenda kwa miguu zilizoning'inizwa chini yake. Kutoka Chit Lom hadi Siam unatembea juu ya vichwa vya magari, kivulini, bila kuvuka barabara hata moja. Chini ya ardhi ipo MRT, iliyofunguliwa mwaka 2004. Beba mtandio wa ziada, baridi ya mabehewa yao haina huruma.

Ya majini iko mlangoni kwako, na sidhani kama wakala alikwambia. Kutoka hoteli za Pratunam ni mwendo mfupi wa miguu mpaka kwenye daraja, na chini ya daraja kuna gati ya boti za mfereji wa Saen Saep. Fuata ngazi zinazoshuka. Boti ni ndefu, nyembamba, ina mabenchi ya mbao, na haibembelezi abiria: inagusa gati, watu wanaruka, inaondoka. Shika kamba, ingia, sogea katikati. Mpokea nauli anatembea ukingoni nje ya boti, kofia ngumu kichwani. Mwambie jina la gati unakoshukia na umpe sarafu. Nauli haizidi baht 30 hata ukienda mbali. Kukiwa na daraja fupi, paa zima la boti hushushwa na kila mtu huinamisha kichwa. Maji yakianza kuruka, aliyekaa pembeni huvuta kamba na pazia la plastiki linapanda. Usipoivuta wewe, aliye nyuma yako atakutazama.

Maji ni machafu na yananuka, hilo nisikufiche. Lakini robo saa ndani ya boti ile utaona Bangkok ambayo barabarani haionekani: migongo ya nyumba, nguo zilizoanikwa, mama anaosha masufuria, msikiti, duka la mbao, paka juu ya dirisha. Pale Pratunam ni makutano. Boti za kwenda mashariki na za kwenda magharibi zinabadilishana abiria. Ya magharibi inaishia Phanfa Leelard, karibu na mji mkongwe. Boti hizi ni za watu wa kazini, kwa hiyo jioni ikishaingia usizitegemee.

Na hapo ndipo swali lako la chakula linapopata jibu. Mfereji ule ulichimbwa kuanzia mwaka 1837, wakati wa Rama wa Tatu, ili askari na zana zipelekwe upande wa Kambodia, kulikokuwa na vita na Wavietnamu. Miongoni mwa waliochimba walikuwamo Waislamu wa Kimalai waliotekwa kwenye falme za kusini, upande wa Pattani, na wazao wao wakabaki kando ya maji hayo mpaka leo. Ukitoka Pratunam kwa boti ya magharibi, dakika chache tu, uko Ban Khrua. Wakazi wake ni Wacham, Waislamu wenye asili ya Kambodia ambao mababu zao walipigana upande wa Rama wa Kwanza wakapewa ardhi pale. Walikuwa wafumaji wa hariri. Mmarekani Jim Thompson, aliyeifanya hariri ya Thailand ijulikane duniani baada ya Vita vya Pili, alikuwa akifumiwa vitambaa na watu wa Ban Khrua, na nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho, iko ng'ambo ya mfereji, karibu na gati ya Hua Chang. Yeye mwenyewe alipotea Malaysia mwaka 1967, hakuonekana tena. Ban Khrua imebaki. Serikali ilipotaka kupitisha barabara ya kulipia juu ya mtaa wao, wakazi walipinga kwa miaka mingi mpaka wakashinda. Tembea vichochoro vyake kwa adabu, salimia, usipige picha ndani ya nyumba za watu.

Kwa miguu kutoka hapo, au moja kwa moja kutoka kituo cha BTS cha Ratchathewi, tafuta Phetchaburi Soi 7. Kuna msikiti wa Darul Aman na vibanda vya chakula pande zote. Agiza khao mok gai, wali wa manjano na kuku, binamu wa biriani kabisa, unaletwa na mchuzi wa kijani wenye mnanaa. Agiza roti, ambayo ni chapati, ila wao huikunja na ndizi na kumwagia maziwa mazito. Ukiona mama ana kikaango chenye vishimo anamimina uji wa mchele na tui, hivyo ni khanom krok. Kula, kisha niambie kama si vitumbua vilivyokuja mjini kutafuta maisha.

Kwingineko, tazama alama ya halali, neno la Kiarabu ndani ya umbo la almasi. Mishkaki inayonukia kila kona asubuhi mara nyingi ni nguruwe, moo ping; neno "moo" likisikika, pita. Bendera ndogo ya njano yenye maandishi mekundu maana yake ni chakula kisicho na nyama yoyote, nayo inaokoa sana ukiwa mbali na mitaa ya Waislamu. Kwenye Sukhumvit Soi 3, eneo la Nana, kuna migahawa ya Kiarabu mfululizo. Pazuri kwa usiku mmoja ukitamani nyumbani, lakini bei ni ya juu na usiku mitaa inayozunguka pale ina baa na biashara ambazo hutazipenda. Maduka makubwa kadhaa ya mjini yana chumba cha kusalia. Uliza dawati la mapokezi bila haya. Maji ya bomba usinywe.

Tuje kwa yule mzee nadhifu. Mchezo ule ni wa zamani, na unachezwa kwa mgeni yeyote aliyesimama karibu na kuta za kasri akionekana kushangaa. Kasri hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kuuza tiketi mpaka saa tisa na nusu alasiri, isipokuwa siku zenye shughuli za kifalme, na habari hiyo huipata getini penyewe kwa mlinzi aliyevaa sare, si kwa mpita njia. Baht 40 haiwezi kulipia hata mafuta ya kukuzungusha mji ule. Dereva analipwa na duka: akikufikisha tu anapewa kuponi ya mafuta, ukinunua anapata kamisheni. Hukuibiwa, dada, na aibu si yako. Umepoteza mchana tu.

Ila lazima nicheke kidogo. Kati ya watu wote wa kupelekwa kwenye duka la vito, wakamchukua mtu wa Tanga, mkoa wenye Bonde la Umba ambako yakuti samawi zinachimbwa, katika nchi ambayo tanzanaiti inatoka Mirerani na hakuna kwingine duniani. Biashara ya vito Bangkok ni ya kweli na ni kubwa. Mtaa wa Silom una wafanyabiashara wa kila taifa, mji wa Chanthaburi upande wa kusini-mashariki una soko lake mashuhuri, na wenzetu wengi wa Arusha wanaijua njia hiyo. Mawe ya Afrika Mashariki yanakatwa na kuchomwa moto huko ili rangi itulie. Lakini hayo yanafanywa na watu wenye lenzi machoni na miaka kazini. Anayekwambia ununue leo ukauze kwenu kwa faida mara tatu anajua unakwenda kupanda ndege.

Kasri nenda tena, kwa njia hii: BTS mpaka Saphan Taksin, teremka kwenye gati ya Sathorn iliyo chini yake, panda boti ya mtoni yenye bendera ya rangi ya chungwa, nauli ni baht 16, shuka Tha Chang. Kiingilio ni baht 500 kwa mgeni. Wathai wanaingia bure, na kabla hujanung'unika kumbuka tunavyowatoza wageni Serengeti na Ngorongoro. Mavazi yako hayana tatizo. Wanaokataliwa mlangoni ni waliovaa kaptura. Wat Pho ni hatua chache kusini mwake, na sanamu ya Buddha aliyelala ndani yake ina urefu wa mita 46. Kiatu kinavuliwa. Miguu usiielekeze kwenye sanamu wala kwa mtu. Kutoka gati ya Tha Tien kivuko kinakupeleka ng'ambo, Wat Arun, kwa baht chache tu, na safari hiyo fupi ya kukatiza mto naipenda kuliko mahekalu yenyewe. Mahekalu mengine sitakutajia. Ukiona matano kwa siku yote yanakuwa moja.

Muziki wa kituoni ulikuwa wimbo wa taifa. Hupigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwenye vituo, bustani na shule, na kila mtu husimama mpaka uishe, kama dakika moja hivi. Wewe desturi hiyo unayo: ndivyo tunavyosimama bendera inaposhushwa jioni mbele ya kituo cha polisi. Hakuna aliyekukasirikia jana, walijua ni mgeni, ila leo unajua. Lililo zito zaidi ni la mfalme. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kumtusi mfalme, malkia, mrithi wa ufalme au anayeshika nafasi ya mfalme, na kinatumika. Usitanie picha yake, usikanyage noti iliyoanguka kwa sababu ina sura yake, usiandike kitu mtandaoni. Sigara za umeme nazo ni marufuku. Na wewe mwanamke usimguse mtawa wala kukaa naye bega kwa bega kwenye boti. Utaona viti vyao vimeandikwa.

Kuhusu kukodolewa macho, nitasema ninavyoliona. Sehemu kubwa ni ushamba wa kawaida wa binadamu: mwanamke mweusi mwenye hijabu, yuko peke yake, hawaoni kila siku. Wewe tabasamu na uinamishe kichwa kidogo, viganja vimekutana kifuani, utaona nyuso zinavyofunguka. Lakini si yote ni hayo. Ingia duka lolote la vipodozi utakuta rafu nzima za kung'arisha ngozi. Thamani ya weupe imekita mizizi huko kama ilivyokita kwetu. Na Mwafrika husimamishwa na polisi zaidi ya Mzungu, hasa upande wa Nana. Tembea na pasipoti yako halisi, au angalau nakala ya ukurasa wa picha na wa viza, na ujibu kwa sauti ya chini. Sauti ndiyo kila kitu kule. Ukipaza, hata kama una haki, umeshindwa. Watakutabasamia na mlango utakuwa umefungwa. Mtu wa pwani aliyelelewa kusema "samahani kaka" kabla ya kudai chenji yake ana nafasi nzuri kuliko wengi.

Jambo moja litakukalisha kama uko nyumbani. Jioni, wenyeji husoma saa kama sisi. Saa za usiku wanaanza kuhesabu upya baada ya kumi na mbili: saa 1 usiku ni nueng thum, saa 2 ni song thum, saa 3 ni sam thum. Vibao na tiketi vinatumia saa 24, lakini mama muuza vitumbua akikwambia anafunga "sam thum", anamaanisha saa tatu hiyohiyo yako. Kalenda yao ndiyo itakayokutatiza: iko mbele ya yetu kwa miaka 543. Mwaka 2025 kwao ni 2568, kwa hiyo ukiona maziwa yameandikwa kuwa yanakwisha muda mwaka wa namna hiyo, usiogope.

Kwa kuwa uko Pratunam, utanunua nguo, hata kama umeapa hutanunua. Nusu ya magauni yanayouzwa Kariakoo kwa jina la "Bangkok" yanaanzia kwenye vibanda vinavyokuzunguka. Bei ya jumla kwa kawaida huanza vipande vitatu, na si lazima vifanane rangi. Tembea raundi nzima kwanza. Kupatana kupo, ila kwa upole: taja bei moja, ngoja, tabasamu, ukikataliwa shukuru uondoke. Kuvutana kama Manzese hakuna. Jengo la Platinum lina kiyoyozi na bei ya kiyoyozi. Mfereji huohuo unakufikisha Bobae, ambako wanunuzi wa jumla hasa hujaza magunia. Fedha beba dola safi, noti za 100 hupata bei nzuri zaidi, na ubadilishe kwenye vibanda vya mjini badala ya uwanja wa ndege. Mashine za benki huikata kadi ya kigeni zaidi ya baht 200 kila unapotoa, kwa hiyo toa mara moja kiasi kikubwa. Shilingi hakuna anayeijua.

Usiku mji ni salama kuliko sura yake. Ukipata laini ya simu, ambayo husajiliwa kwa pasipoti, Bolt uliyoizoea nyumbani inafanya kazi na bei inaonekana kabla hujapanda. Bodaboda zao ni za vijana wenye fulana za rangi ya chungwa wanaosubiri mdomoni mwa kila soi. Ni nzuri kwa safari fupi za ndani, mkoba ukiwa mbele yako na kofia kichwani. Shuka siku moja jioni kituo cha MRT cha Wat Mangkon, mtaa wa Wachina, utembee Yaowarat taa zikiwaka. Chakula kingi pale si chako, lakini macho hayafungi.

Nimalizie na mawili ambayo hukuuliza, kwa sababu umesafiri peke yako na kuna watu wanaotafuta aliye peke yake. La kwanza ni kazi. Mtu akikufuata, Mthai au mwenzetu anayeongea Kiswahili kizuri, akakuahidi kazi ya kompyuta au ya huduma kwa wateja na gari la kukupeleka kaskazini-magharibi, mji wa Mae Sot, usipande. Ng'ambo ya mto ni Myawaddy, Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni ambako watu wamefungiwa na kupigwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu walitolewa humo, wakiwemo Wakenya na Waganda.

La pili ni begi. Siku ya kurudi panda treni ya uwanja wa ndege kutoka Phaya Thai, ni kama nusu saa na nauli haifiki baht 50. Kama ulinunua bidhaa za kuanzia baht 2,000 kwenye duka moja kwa siku moja na duka likakupa fomu ya kurudishiwa kodi, uliza forodha kabla hujakabidhi mizigo kama inahitaji muhuri wao. Na mtu wa kwetu mwenye kilo zilizozidi akikuomba umbebee kifurushi tu, kina nguo za watoto tu, mwambie hapana. Sheria yao ya dawa za kulevya ni kali, na anayehukumiwa ni aliyeshika begi. Akinuna, mwache anune.